Bi Mpekuzi Apelekwa Ziwani

Nyumba ilikuwa ya mwanawe, lakini mlango ulikuwa wa Bi Mpekuzi. Hakuna aliyetoka bila kupapaswa. Uwe mtoto wa nyumbani, uwe mgeni wa heshima, uwe fundi bomba uliyekuja kuziba mfereji unaovuja, ukitaka kwenda zako unasimama kizingitini, unainua mikono, na yule mama mfupi mwenye vidole vyepesi anakupitia: kwapani, kiunoni, kwenye mapindo ya suruali, kisha anakupiga kofi dogo la mgongoni. Kofi hilo ndilo ruhusa. Bila kofi, hujatoka.

Usimdhanie ana wazimu. Ilikuwa kazi yake. Tangu usichana wake mpaka magoti yalipoanza kugoma, alisimama kwenye geti la wanawake la kiwanda cha nyuzi na vifungo, na kila zamu ilipokwisha wafanyakazi walipita mbele yake mmoja mmoja, mikono juu. Amepata vifungo ndani ya misuko ya nywele. Amepata vifungo chini ya ulimi wa mwanamke aliyekuwa anaitikia salamu kwa kuguna. Amepata uzi wa kila rangi ndani ya nepi ya mtoto aliyelala fofofo, na mtoto hakuamka, kwa jinsi mikono ile ilivyoizoea kazi. Jina la Mpekuzi alipewa hukohuko kwa kukomolewa, naye akalipokea kama cheo. Kustaafu alistaafu, lakini mikono haikuambiwa.

Sasa, mtu wa namna hiyo ukimwamsha Jumapili asubuhi ukamwambia avae vizuri, leo familia nzima inakwenda kutembea ziwani, unategemea nini? Ashangilie?

"Ziwani kuna nini?" aliuliza.

"Kuna maji, mama," alisema mwanawe.

"Hata bombani kuna maji."

"Watoto wataogelea. Wewe utapunga upepo."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Tunatembea tu."

Tunatembea tu! Getini alijifunza kwamba mwenye kuficha kitu hakosi neno hilo mdomoni. Napita tu, najikuna tu, mtoto ananyonya tu. Akamtazama mwanawe vizuri. Alikuwa mtoto wake wa pekee, fundi wa friji, na hata yeye mama mtu siku hizi alimwita Fundi kama mtaa mzima. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango wake wa barabarani, nao Bi Mpekuzi aliusimamia vilevile. Jumapili zake zote alizimalizia sakafuni, kalala chali nyuma ya friji ya mtu, tochi mdomoni. Tangu watoto wazaliwe hajawapeleka hata kwenye bembea za shuleni, halafu leo ziwani, mwendo wa saa mbili kwa pikapu.

Na kule ziwani, mbali na hayo maji, kulikuwa na mdogo wake Bi Mpekuzi, mjane mfuga kuku, watu wakimwita Mama Kuku, anayeishi peke yake katika nyumba yenye vyumba vya kumwaga. Hapo ndipo roho ya Bi Mpekuzi ilipoanza kwenda mbio. Maana kwa wiki kadhaa amekuwa akisikia minong'ono nyuma ya ukuta wa chumba cha mwanawe na mkewe. Akikohoa, wananyamaza. Asipokohoa, anaokota neno mojamoja: chumba, hewa nzuri, mama mdogo. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wanataka kwenda kumwacha. Watamshusha kwa Mama Kuku mchana, watamwambia wanarudi sasa hivi, na jioni watakuwa nyumbani kwao wamenyoosha miguu, wanaingia na kutoka bila mtu wa kuwashika.

Aliyepanga jambo hilo hakuhitaji kumtafuta mbali. Mwanawe? Weka mbali na hayo. Fundi ndiye mtu pekee ambaye Bi Mpekuzi hajawahi kumpapasa maishani. Wengine wote walipanga mstari, yeye akipita pembeni na boksi lake la spana, na mama yake anamsogelea tu kumfungulia mlango. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, alikuwa akisema, nitamtafuta nini? Basi alibaki mkwewe.

Mkwewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mpole, msemaji wa chini kwa chini. Kila asubuhi alisimama kizingitini akainua mikono kabla hajaambiwa, na tena akafumba macho. Hilo la kufumba macho Bi Mpekuzi hakulipenda hata siku moja. Getini, mwanamke akifumba macho wakati wa kupapaswa, ujue anaomba usifike mahali fulani. Kwa hiyo alimpapasa mkwewe mara mbili kuliko wengine, kwa bidii, miaka yote hiyo, na hajawahi kumkuta na chochote. Kutomkuta na chochote ndiko kulikomtia wasiwasi zaidi.

Asubuhi ile, mkwewe alipokuwa bafuni akimsugua yule mtoto mdogo, ambaye kwa mashavu na tumbo lake walimwita Bonge, Bi Mpekuzi alilipitia begi la safari. Lilikuwa begi kubwa la buluu, limekaa sebuleni, limevimba. Akafungua zipu polepole. Juu kulikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha, chini yake taulo, chini yake nguo za kuogelea za watoto. Mkono ukaendelea kushuka. Ukagusa kitambaa anachokijua. Akakivuta kidogo, akaona maua yaliyopauka: gauni lake la kulalia. Limekunjwa vizuri, na katikati ya mkunjo kuna chupa ya dawa yake ya kuchulia magoti.

Alikaa chini pale sakafuni. Gauni la kulalia kwa safari ya kwenda na kurudi! Moyo ulimuuma, tena uliuma kweli, si utani. Kupanga ni kitu kimoja, lakini kumkunjia mtu nguo zake vizuri hivyo, na dawa ya magoti asije akasumbua, huo ni ubaya wenye adabu, na ubaya wenye adabu ndio mbaya zaidi.

Angeweza kupiga kelele palepale. Ila geti lilikuwa na kanuni zake, na ya kwanza ni kwamba usimkamate mtu akiwa ndani. Ukimkamata ndani atasema alikuwa anakisogeza kitu mahali pake. Mwache afike getini, mguu mmoja nje, hapo hana la kusema. Kwa hiyo alirudisha gauni kama lilivyokuwa, akafunga zipu, akajipangusa mikono, akaenda kuvaa viatu vyake vya kufunga kamba.

Wakati wa kutoka aliwapapasa wote kama kawaida. Mjukuu wake mkubwa, msichana wa darasa la pili aliyeitwa Wakili kwa jinsi asivyoshindwa neno, siku hiyo hakuwa na neno. Aliinua mikono akatazama dari. Bonge alipapaswa akicheka. Mkwewe akafumba macho. Fundi akapita pembeni amebeba viti vya kukunja, na Bi Mpekuzi akaona mkanda wake una tundu jipya, la kutoboa kwa msumari, na ncha ya mkanda inaning'inia. Ona, akasema moyoni, mwanamke gani anamwacha mumewe atoke hivyo.

Walimkalisha mbele, karibu na dereva, kwa heshima zote. Mkwewe na watoto walikaa nyuma, juu ya yale mablanketi ya kufungia friji. Kwenye kioo cha nyuma Bi Mpekuzi aliona mkwewe anamnong'oneza Wakili kitu, Wakili anatikisa kichwa. Hata mtoto wamemwingiza.

"Mama," Fundi alisema walipokwisha kuuacha mji, macho yake barabarani, "hivi magoti yako hayawezi kupata nafuu ukikaa mahali penye hewa nzuri?"

"Magoti yangu yanapenda hapohapo yalipo."

"Nauliza tu."

"Maneno hayo si yako, mwanangu. Nakujua tangu hujaota meno."

Fundi akakohoa, akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Bi Mpekuzi akamwonea huruma. Maskini, kafundishwa cha kusema na hata kukisema vizuri hajui.

Kamji kenyewe kalikuwa na barabara moja inayoteremka mpaka majini. Kulikuwa na duka la dawa, duka la vipuri vya baiskeli, mpiga picha mwenye kibanda cha mabati na pazia la buluu, na maduka mengine yamefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Mwisho wa barabara palikuwa na uwanja wa majani, bembea za matairi, na jamaa mmoja mwenye kofia ya majani makavu akikodisha mipira ya ndani ya matairi ya magari, ya kuelea nayo majini, pamoja na mtumbwi wa plastiki wenye umbo la bata, wa kupiga pedeli. Watoto walivua nguo kabla pikapu haijasimama sawasawa. Maji yalikuwa kijani karibu na kingo, buluu mbele, na Bonge aliingia mpaka kifundo cha mguu, akapiga mayowe, akatoka, akaingia tena, akapiga mayowe yaleyale.

Bi Mpekuzi alipelekewa kiti. Hakukikalia. Alikalia begi.

"Mama, kiti hiki hapa," mkwewe alisema.

"Nipo sawa."

"Utaponda mayai."

"Mayai nimeyatoa."

Basi kila mkwewe alipotaka taulo, ilibidi Bi Mpekuzi ainuke, afungue zipu mwenyewe, atoe taulo moja, afunge, akae tena. Yule mwenye kofia aliwatazama, akaja kumuuliza Fundi kwa sauti ya chini kama wamebeba fedha za kanisa. Fundi akacheka kicheko cha shida.

Mwishowe Wakili alimbembeleza bibi yake wapande bata. Bi Mpekuzi alikataa, akakataa tena, halafu akakubali kwa sharti moja: begi linakwenda na wao. Wakakaa, bibi, begi na mjukuu, wakipiga pedeli kuzunguka karibu na kingo, bata akienda upande kwa kuwa magoti ya mmoja yalikuwa dhaifu.

"Bibi," Wakili alisema, "kwa Mama Kuku kuna vitanda vingapi?"

Bi Mpekuzi aliacha kupiga pedeli. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Mama yako kakutuma?"

"Hapana!" Akageuza uso kutazama maji, na masikio yake yakawa yamemsimama. "Na je, usiku kuna taa?"

Bi Mpekuzi alitamani kulia, akajizuia kwa sababu bata hana mahali pa mtu kujificha. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye bibi alikuwa akimpa hadithi za getini kila jioni wakichambua mchele. Alimfundisha jinsi mkono unavyopita bila kuruka mahali. Alimfundisha kanuni ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: ukipata kimoja, endelea kupapasa. Maana wajanja wa kiwandani waliweka kifungo cha hovyo kiunoni, makusudi ukipate, ufurahi, uwaachie, nao wapite na mali ya maana kwenye soksi. Wakili aliipenda sana hiyo. Na leo Wakili anaulizia vitanda.

Mchana walikwenda kumsalimia Mama Kuku. Nyumba ilinuka kuku na chokaa mbichi. Mama Kuku aliwapokea kwa shangwe iliyozidi kipimo, akawaandalia samaki na wali, akamsifia dada yake kiatu, akamsifia kitambaa cha kichwa, yeye ambaye tangu utotoni mwao hajawahi kumsifia hata kivuli. Bi Mpekuzi akala kidogo, kisha akasema anakwenda msalani. Msalani hakwenda. Alifungua mlango wa chumba cha nyuma. Kuta zimepakwa chokaa jana au juzi. Kitanda kipo, na juu yake godoro jipya, bado liko ndani ya nailoni yake.

"Dada!" Mama Kuku alikuwa nyuma yake. "Umepotea njia. Hicho ni chumba cha... vifaranga."

"Vifaranga wako wanalalia godoro?"

"Baridi ya ziwani kali, dada," alisema Mama Kuku, na jasho lilikuwa linamtoka.

Wakati wa kuagana Bi Mpekuzi alisimama mlangoni, macho manne. Mama Kuku alimkumbatia mkwewe, akamkumbatia muda mrefu, akamnong'oneza kitu. Mikono ya watu wawili ikikaa pamoja muda wote huo, kuna kitu kinahama. Aliikodolea macho mikono hiyo na hakuitazama mingine. Fundi naye alimpa mama yake mdogo mkono, akautia mfukoni, akaenda kuwasha gari.

Walirudi uwanjani kwa sababu Bonge aliahidiwa kuoga mara ya mwisho. Jua lilikuwa limelegea kidogo, viti vikakunjwa, taulo zikakamuliwa. Fundi alizunguka pikapu, akapiga teke tairi moja, akapiga la pili, akaja akasimama mbele ya mama yake bila kumwangalia usoni.

"Mama, kabla hatujapanda..."

"Hakuna anayepanda," alisema Bi Mpekuzi. Hapa sasa ndipo getini. "Wewe mwalimu, njoo hapa. Inua mikono."

"Mama, hapa mbele za watu?" Fundi aliuliza.

"Mbele za watu ndiyo."

Mwenye kofia aliacha kufuta mipira yake. Mpiga picha akatokeza kichwa kwenye pazia. Mkwewe akaweka chini taulo alizoshika, akaja, akainua mikono, akafumba macho. Bi Mpekuzi alimpitia kama alivyowapitia wezi wakubwa wa siku za kiwandani: ukosi, kwapa, mikunjo ya sketi, viatu akavivua akavikung'uta. Hakukuwa na kitu. Akaliendea begi, akavuta gauni la maua, chupa ya dawa ikaanguka kwenye majani, akalipeperusha gauni.

"Na hili? Limejileta lenyewe?"

Mkwewe alifumbua macho, akalitazama gauni, akamtazama mumewe. "Mama, hilo sikuliweka mimi."

"Basi ni upepo!"

"Kweli tena. Sijui limefikaje."

"Mnataka kunitupa!" Sauti ilimpasuka, na hakujali tena ni nani anasikia. "Semeni tu! Mmenivalisha vizuri, mmenipandisha bata, mkanitupe kwa kuku!" Akalishika begi kwa pembe zake mbili za chini, akaligeuza, akalikung'uta lote.

Zikaanguka nguo za kuogelea mbichi. Na baada yake, kutoka chini kabisa, mahali ambapo asubuhi mkono wake haukufika kwa sababu uliposhika gauni uliishiwa nguvu, likaanguka gauni jingine la kulalia, dogo, la pinki, lenye kiraka cha begani alichokishona yeye mwenyewe. Mswaki ukafuata. Kisha mwanasesere mwenye jicho moja.

Wote wakamtazama Wakili.

"Ni mimi," alisema Wakili, mdomo ukicheza. "Nilisikia baba anasema bibi atabaki kwa Mama Kuku. Mama akasema hapana. Baba akasema ndiyo. Mama akasema hapana, akalia. Sasa mimi nikasema kama bibi anabaki, nabaki naye. Nikamchukulia nguo yake na dawa yake, na nguo yangu."

"Mbona yangu umeiweka juu?" Bi Mpekuzi aliuliza. Alishangaa kusikia sauti yake imekuwa ndogo.

"Ili uipate ukasirike, usitafute tena. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Miaka yote ya getini hakuna mwanamke aliyempitishia Bi Mpekuzi kitu kwa ujanja huo, na leo kapitishiwa mjukuu mzima. Alijisikia aibu, na ndani ya aibu kidogo alijisikia fahari, lakini kulikuwa na jambo kubwa kuliko yote mawili.

Akamgeukia mkwewe, aliyekuwa bado pekupeku kwenye majani. "Wewe ndiye uliyesema hapana?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini? Kila siku ya Mungu nakupapasa kama mwizi. Ningekuwa wewe, ningekuwa nimenipakia zamani."

Mkwewe aliinama kuokota kiatu, akakishika bila kukivaa. "Mama yangu alikufa sijaanza kutembea," alisema. "Nimelelewa majumbani mwa watu. Walinipa chakula, wakanisomesha, siwalaumu. Lakini hakuna aliyekuwa ananishika. Nikitoka nimetoka, nikirudi nimerudi. Sasa wewe asubuhi unanishika, halafu unanipiga kofi lile la mgongoni, ndiyo naenda kazini." Akavaa kiatu. "Ndiyo maana nafumba macho."

Bi Mpekuzi alitamani kumwomba msamaha, ila maneno ya msamaha hakuwa ameyazoea, yalikwama. Alimfunga tu kile kiatu kingine, yeye mwenyewe, kapiga magoti yale mabovu kwenye majani, na mkwewe hakumzuia.

Alipoinuka alimtazama mwanawe. Alibaki mmoja. Aliyekuwa akipita pembeni miaka yote.

"Fundi," alisema. "Inua mikono."

"Mama..."

"Inua."

Fundi aliinua mikono. Lilikuwa jambo geni kwa wote wawili, hakujua aiweke juu kiasi gani, akaipandisha mpaka mwisho kama mtoto anayevuliwa fulana. Mama yake alianzia mifukoni, na hakwenda mbali. Katika mfuko wa kulia ulikuwepo ufunguo mpya, umefungwa kamba nyekundu, bado una vumbi la chokaa.

Mtu mwingine yeyote angeishia hapo. Kapata alichokuwa anakitafuta, mwizi kamjua, naye ni mtoto wake wa kumzaa. Machozi yalikuwa yamekwishamjaa. Lakini asubuhi ileile alikwishakosa mara moja, akasimama alipopata kimoja, na hakuwa mtu wa kukosea jambo lilelile mara mbili. Ufunguo akautia kifuani, mikono ikaendelea.

Ikapanda kiunoni, na kwenye mkanda ikakuta tundu la msumari, na jirani yake tundu jingine la zamani zaidi, nalo la msumari. Ikapanda ubavuni. Ikasimama. Ikarudi, ikapita tena polepole, kwa kuwa haikuamini. Chini ya shati mlikuwa na mbavu, zote, unaweza kuzihesabu. Mgongoni, mabega yametokeza kama ya mgonjwa.

"Umekonda," alisema Bi Mpekuzi.

Fundi alitazama pembeni.

"Nakaa nyumba moja na wewe, na umekonda hivi. Mchana unakula?"

"Siku nyingine."

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama." Mikono yake ilikuwa bado juu. "Wateja wamekwisha. Wakileta friji wanapapaswa, wakiifuata wanapapaswa. Mwalimu mkuu ulimshika kwapa mbele ya wanafunzi wake waliokuja kumbebea friji. Hakurudi, na akawaambia wenzake. Sasa wananipita wanakwenda kwa wengine. Sikujua nikuambieje. Mtu utamwambiaje mama yake kitu kama hicho? Nikaona ukipata mahali pazuri, kwa mdogo wako, nikapaka chumba, nikanunua godoro..."

Bi Mpekuzi alikumbuka karakana jinsi ilivyokuwa inajaa friji mpaka watu wanapita ubavuubavu, na jinsi sasa Bonge anavyopanda baiskeli yake humo ndani akizunguka. Yeye alikuwa akisema watu siku hizi wananunua vipya. Alikuwa mlangoni kila siku, akiwashika wote, na kitu kilichokuwa kinatoka nyumbani mwake hakukiona.

"Mlango wa karakana sitausimamia tena," alisema mwishowe. "Wakitaka kuiba nati, waibe. Ufunguo huu nitampelekea mdogo wangu mwenyewe, godoro alilalie yeye, vifaranga watabaki na baridi yao. Lakini mlango wa nyumbani ni wangu. Na wewe kuanzia kesho utapita hapo kama wenzako, kila siku, nijue kama umekula."

"Sawa, mama."

Mkwewe alikuwa anarudisha nguo begini, gauni la maua na gauni la pinki pamoja. Wakili alimbeba Bonge mpaka kwenye mablanketi. Mwenye kofia akaendelea kufuta mipira yake, akijifanya hakusikia neno. Fundi peke yake hakuondoka pale aliposimama. Alikuwa bado ameinua mikono, anamtazama mama yake, anangoja, na ndipo Bi Mpekuzi alipokumbuka kwamba hajampa ruhusa. Akampiga kofi la mgongoni, taratibu, na mkono ukakaa hapo muda kidogo kabla hajamwachia apande gari.